Kiasi cha Hiari na Kiasi cha Lazima

Wahenga walinena kwamba mtu hujikuna ajipatapo. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwatuliza wasio nacho: ridhika, ndugu yangu, mkono wako haufiki mbali zaidi ya hapo. Lakini ndani yake limejificha swali la maadili. Je, mtu asiyejikuna mgongo kwa kuwa mkono haufiki, tuseme amekuwa na kiasi, au amenyimwa tu? Kiasi ni sifa njema ya moyo. Kunyimwa si sifa, ni hali. Na kuyachanganya mambo haya mawili ni hila ya kale ya wenye nacho.

Nimelifikiria swali hili mara nyingi kwa sababu ya kitu kidogo ninachokimiliki: kompyuta mpakato iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo, ya bei ya chini kabisa miongoni mwa jamii yake. Yamkini msomaji ataona ni mzaha kutafuta falsafa katika chombo cha kuchezea. Hata hivyo, vitu tunavyovitumia kila siku hutufunza tabia bila sisi kujua, na chombo hiki kimenifunza juu ya mipaka kuliko mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia.

Kompyuta ya namna hii huuzwa kwa tarakimu zilizoandikwa kwenye boksi: prosesa ya kasi fulani, prosesa ya picha ya nguvu fulani. Tarakimu hizo si uongo, ila mara nyingi ni ukweli wa muda mfupi. Karibu umeme wote unaoingia katika mashine hugeuka kuwa joto. Mchezo mzito unapoendeshwa, prosesa hizo mbili kwa pamoja zaweza kula wati 100 na zaidi. Ni kama kuifungia taa ya zamani ya wati 100 ndani ya sanduku lenye unene wa vidole viwili, kisha kuzitegemea feni mbili ndogo na mirija michache ya shaba kulitoa joto lote nje. Katika mashine ya bei ndogo, mahali pepesi pa kubana gharama ni hapo kwenye upoozaji, maana upoozaji hauandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi. Joto likikaribia nyuzi 95 au 100, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Nguvu uliyoilipia ipo, lakini hudumu dakika chache tu.

Isitoshe, hewa ya kupoozea ni ile iliyomo chumbani. Mashine ileile, ikifanya kazi ileile, katika chumba cha nyuzi 32 badala ya 20, nayo hupanda kwa takriban nyuzi hizo hizo 12, mpaka pale itakapoanza kujizuia. Kwa hiyo mwenye nyumba ya bati katika Dar es Salaam mwezi wa Februari amenunua mashine iliyo dhaifu kuliko ya mwenzake aliye katika ofisi yenye kiyoyozi, ingawa boksi ni moja na bei ni moja.

Dawa zipo. Huinua nyuma ya mashine kwa vibao viwili ili hewa ipite chini. Hupuliza vumbi kwenye feni. Baada ya miaka kadhaa fundi hubadilisha ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na shaba, kwani hukauka. Lakini dawa kubwa kuliko zote haihitaji fedha, nayo ni kupunguza. Naiambia mashine isichore zaidi ya picha 60 kwa sekunde, na prosesa isifike kilele chake. Umeme unaoliwa na saketi hukua kwa kadiri ya kasi, na kwa mraba wa volteji. Ukipunguza kasi na volteji kwa asilimia 10 kila kimoja, sehemu hiyo ya umeme hupungua kwa takriban asilimia 27. Yaani ile sehemu ya kumi ya mwisho ya kasi, ambayo jicho halitaiona, ndiyo iliyokuwa ikila zaidi ya robo. Ngoma ivumayo sana hupasuka. Hapa tumepewa hesabu ya kupasuka kwake.

Sasa swali letu linarudi. Je, nimekuwa mtu wa kiasi? Kama ningekuwa na fedha maradufu, ningenunua mashine bora na nisingepunguza kitu. Kwa hiyo siwezi kujisifu. Wala haisaidii kusema kwamba hata wakubwa wana mipaka yao, ingawa ni kweli. Mwaka 2004 kampuni ya Intel iliufuta mradi wa prosesa iliyoitwa Tejas na kugeukia prosesa zenye viini viwili, na joto lilikuwa miongoni mwa sababu. Hakuna aliye nje ya sheria za joto. Lakini mwenye kuzuiwa penye kilele cha mlima na mwenye kuzuiwa mlangoni kwake hawajazuiwa sawasawa.

Epictetus, aliyezaliwa mtumwa katika dola ya Warumi, alifundisha kutenganisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyokuwamo. Namheshimu kwa kuwa hakuyasema hayo akiwa amelala juu ya mito ya hariri. Joto la Februari haliko katika uwezo wangu, wala unene wa shaba niliyouziwa. Kilicho changu ni kuchagua: je, nitoe uzuri wa picha, au kasi, au saa za kucheza, au umri wa betri ambayo joto huizeesha? Hapo, nadhani, ndipo lazima inapoanza kugeuka hiari. Mpaka sikuuweka mimi, lakini ndani ya mpaka mimi ndiye ninayepanga, na ninapanga kwa kujua sababu. Mwenye kujua kwa nini anapunguza hayuko sawa na mwenye kupunguziwa bila habari.

Lakini kuridhika kwangu kusigeuzwe kuwa stakabadhi ya muuzaji. Mafundisho ya kuridhika yana mahali pake, nayo ni katika moyo wa mnunuzi. Hayana kazi kwenye kaunta ya duka. Anayeuza ana wajibu wa kuandika si kasi ya dakika ya kwanza tu, bali na ile inayodumu baada ya saa nzima, katika joto la mahali anapouzia. Mimi naweza kuishi kwa furaha na picha 60 kwa sekunde, na usiku naicheza mechi yangu bila feni kupiga kelele. Hilo halimwondolei mwingine deni lake la kusema kweli. Tukijikuna tujipatapo, na tujikune kwa amani. Ila asitokee mtu aliyetufupisha mkono akadai shukrani kwa kutufunza kiasi.