Nuksi Ni ya Nani?

Twajua ya kuwa wako wasomaji wetu watakaocheka waionapo habari hii. Watasema, Mambo ya bundi na ya kujikwaa ni ya wazee, sisi tumesoma. Lakini mtu atokaye Mofu alfajiri kupeleka mchele Ifakara, akijikwaa mguu wa kushoto mlangoni pake, mara nyingi husimama kidogo. Wengine hurudi ndani, wakakaa, ndipo watoke tena. Akifika mjini atamkuta mwenye duka asiyekubali kabisa kumkopesha mteja wa kwanza wa siku, kwa kuwa ati mkopo wa asubuhi hufunga riziki mpaka jioni. Na usiku akitaka kununua sindano, huambiwa sindano haiuzwi saa hizi. Mji una taa za umeme, na reli ya TAZARA ilimalizika kujengwa mwaka 1975, lakini nuksi hupanda gari pamoja na abiria wengine.

Je, kuna ubaya gani? Arudiye ndani amepoteza dakika chache tu. Hatutaki kumgombeza mtu kwa jambo hilo. Hata Ulaya wako waliosoma sana waogopao namba 13. Kama mambo yangekoma hapo, tungeyaacha pamoja na vitendawili vya watoto.

Lakini hayakomi hapo. Nuksi haikai hewani. Yataka mtu wa kuibeba. Mguu ukijikwaa, twauliza, Nilikutana na nani njiani? Biashara ikilala, twamkumbuka mteja wa kwanza, ya kuwa alikuwa mjane fulani, au kilema. Naye hakutenda neno lo lote, wala hajui ya kuwa amekwisha kuhukumiwa. Ndivyo walivyofanya rafiki zake Ayubu: walipoona msiba wa mwenzao walitaka lazima pawe na kosa, wakambandika yeye.

Watu wa kale katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki walimwogopa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Walisema atauletea ukoo mauti, na watoto wa namna hiyo waliuawa wangali wachanga. Meno tu! Wala tusiseme ya kuwa hayo yamepita. Tangu miaka ya 2000, hasa Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo, kwa kuwa waganga waliwaambia wachimba dhahabu na wavuvi ya kwamba viungo hivyo huleta bahati. Angalieni, hapo si nuksi iliyotafuta mtu, bali bahati. Aaminiye ya kuwa bahati yake imo katika mwili wa mwenzake, ni nini tena kitakachomzuia?

Katika bonde letu, mtoto akishikwa na degedege, wengi walisema ni ndege mkubwa wa usiku aliyepita juu yake. Hatuwacheki mama hao. Mtoto atetemeka, macho yamegeuka. Ni nani awezaye kukaa asitafute sababu? Tena walimlaumu ndege, wasimlaumu jirani, na hilo ni afadhali. Lakini wengine waliogopa sindano ya hospitali, wakisema itamwua mtoto, wakaenda kwanza kwa mganga. Na saa zile ndizo zilizokuwa na thamani, maana mara nyingi ugonjwa huo ni malaria kali, nayo huletwa na mbu. Mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Basel alifungua maabara Ifakara, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa viliuzwa Kilombero na Ulanga, na watafiti walipopima wakaona ya kuwa nafasi ya kuishi kwa watoto wadogo waliolala ndani yake ilizidi kwa asilimia 27. Ndege yule hakuguswa na mtu.

Bundi naye twamwonea. Chakula chake ni panya, na panya ndio walao mpunga wetu shambani na ghalani. Akilia juu ya paa usiku twamtupia mawe mpaka ahame. Kisha asubuhi twamtuma kijana Ifakara akanunue sumu ya panya.