Kigumba cha Mshale na Haki ya Mnyama

Ndugu Muislamu, huenda ukaona kuchagua kigumba cha mshale ni shughuli ya mhunzi, dini haimo. Sivyo. Adiy bin Hatim (R.A.), wa kabila la Tayyi, alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya windo lipigwalo kwa mi'radh, mshale usio na manyoya. Akajibiwa kwamba lililotobolewa kwa makali yake huliwa. Lililouawa kwa ubavu wake haliliwi, kwani limekufa kwa kipigo, na mfu huyo ameharimishwa katika Suratul Maida, Aya ya 3.

Leo kijana wa Kiislamu aliyeko Marekani, awindaye kulungu kwa upinde, huviona viwili dukani: kigumba cha makali yaliyosimama, na kile ambacho makali yake hulala, yakafunguka kinapompata mnyama. Vyote hukata, na mshale huua kwa kumwaga damu. Maadamu amesoma Bismillahi, nyama ni halali. Lakini uhalali wa nyama si udhuru wa mwindaji. Hicho cha kufunguka hula nguvu ya mshale. Upinde ukiwa dhaifu, mshale hauzami, na kulungu hukimbia na jeraha, akafia kichakani asikoonekana. Nasi tumeamrishwa kunoa kisu na kumpumzisha mnyama (wangapi umewaona wakichinja kwa kisu butu!). Basi mwenye upinde dhaifu na achukue cha makali yaliyosimama, akinoe hata kinyoe nywele za mkono, wala asiachie mshale kwa umbali asiouzoea. Na akimkuta mnyama bado ana uhai, amchinje.