Wakili na Mtu Anayedhaniwa Mwovu

Kijana atakaye kuwa wakili huonyeshwa mapema njia ya kujiandaa. Katika Tanzania, ambako kitivo cha kwanza cha sheria katika Afrika ya Mashariki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, njia hiyo ni dhahiri: kwanza shahada ya chuo kikuu, kisha mafunzo ya vitendo katika taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, mwisho kukubaliwa na kuapishwa na Jaji Mkuu. Safari ni ndefu, lakini kila hatua ina mwalimu wake. Liko swali moja ambalo kila mtu hana budi kulijibu peke yake: Je, ni halali kwa mtu mwema kumtetea mtu ambaye moyoni anamwamini kuwa ametenda uovu?

Wengi hujibu kuwa si halali. Husema kwamba amteteaye mwuaji hushirikiana naye katika damu. Maneno haya yana nguvu, maana yanatoka katika huruma kwa aliyedhulumiwa, na huruma hiyo si kitu cha kudharauliwa.

Lakini kuamini si kujua. Wakili amkataaye mshitakiwa kwa dhana amekwisha kumhukumu. Amemhukumu faraghani, bila shahidi wala kiapo, na hukumu hiyo haina rufani. Mawakili wote wakitenda hivyo, mahakama itabaki na sauti moja. Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mshitaki huvuta upande wake, na hakimu hawezi kuijua sawa ya ngozi asipokuwapo wa kuivuta upande wa pili. Ndiyo sababu Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 13, imekataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Ndiyo sababu pia mshitakiwa wa mauaji asiye na mali, ambaye huenda akahukumiwa kunyongwa, huwekewa wakili kwa gharama ya serikali.

Hata hivyo, utetezi una mpaka. Mshitakiwa akikiri kwa siri mbele ya wakili wake, wakili aweza kuupima ushahidi wa mashitaka na kuuliza kama unatosha, kwa kuwa mzigo wa kuthibitisha si wa mshitakiwa. Hawezi kumleta shahidi anayemjua kuwa mwongo, wala kumsingizia asiye na kosa. Akivuka hapo si mtetezi tena, ni mshirika.

Na hata mpaka huo ukitunzwa, iko siku mkosaji atatoka huru, na mjane atarudi nyumbani akilia. Wakili hana haki ya kusema kuwa machozi yale hayamhusu. Ana haki ya kusema kuwa mahakama isiyo na mtetezi huwapeleka kitanzini wenye hatia na wasio na hatia pamoja, na aliyekwisha kunyongwa harudishwi kwa rufani.

Basi mwanafunzi na aende mahakamani mapema, akae nyuma, asikilize pande mbili. Darasani na achague kuutetea upande anaouchukia. Asipoweza, iko milango mingine ya sheria; lakini hata akiwa mwendesha mashitaka, atamhitaji mtetezi hodari mbele yake, maana ni kwa huyo tu atakapojua kama ushindi wake ni haki.