Kweli Iliyozuia Haki



Ndugu zangu, je, mtu anaweza kusema maneno ya kweli matupu na bado akawa amemdhulumu mwenzake? Swali hili linanisumbua tangu muhula uliopita.

Sisi wanafunzi wa udaktari hapa Kampala hufanya mazoezi ya kipimo cha eko, yaani kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti. Jioni moja rafiki yangu wa kitivo kingine alijitolea tufanyie mazoezi kwake. Nikampaka jeli, nikaweka kifaa kushoto kwa mfupa wa kifua, nikaitafuta vali ya aota. Kwa kawaida vali hiyo ina vipande vitatu vya utando, na ikijifunga, picha yake ya mkato huonekana kama herufi Y. Katika watu 100, mmoja au wawili huzaliwa na vipande viwili. Yake ilionyesha X. Nikabadilisha pembe, nikarudia, bado X. Vipande vinne, kasoro adimu ambayo nilikuwa nimeisoma vitabuni tu. Nikawasha rangi za Dopla, nikaona mchirizi mwembamba wa damu ukirudi nyuma.

"Vipi, moyo upo?" akaniuliza huku akicheka.

"Upo, alhamdulillah. Unapiga vizuri."

Hakukuwa na neno la uongo hapo. Nilijitetea kwamba mimi ni mwanafunzi tu, huenda nimekosea, na yeye ana ndoa mwezi ujao. Kwa nini nimtie hofu?

Wanazuoni wana jina la kauli kama yangu: tauria, kusema neno la kweli ukikusudia msikilizaji aelewe lingine. Nilidhani hapo nimepata pa kujificha. Lakini Imam an-Nawawi katika al-Adhkar ameeleza kuwa tauria huruhusiwa penye haja au maslahi ya kisheria. Ikitumika kuzuia haki ya mtu, ni haramu. Nikajiuliza: habari ya moyo wa mtu ni haki ya nani kama si yake?

Siku ya tatu, baada ya Isha, nikamwambia: "Niliona kitu kwenye vali yako. Sina uhakika nacho. Twende kwa daktari bingwa, nitakusindikiza."

Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unaujua moyo wangu kuliko mimi?"

Sikuwa na jibu, nikamwomba msamaha.

Daktari alithibitisha vipande vinne na uvujaji mdogo. Hahitaji upasuaji sasa, ila vali ya namna hiyo huweza kuvuja zaidi kadiri umri unavyosonga, hivyo atarudia kipimo kwa vipindi. Asiyejua hurudia nini? Suala la kumweleza mchumba wake nilimwachia mwenyewe, kwani siri ile si yangu kuitoa.

Nilichojifunza ni hiki: kutokuwa na uhakika hakukunipa ruhusa ya kunyamaza. Huo wasiwasi wenyewe ulikuwa sehemu ya kweli niliyopaswa kuisema. Na huruma niliyojisifia ilikuwa, kwa sehemu kubwa, woga wangu wa kuuona uso wake ukibadilika.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zenye kutimiza amana. Wallahu a'lam.