JE, KUUNGAMA KWA HOFU NI KUUNGAMA?



Kuna swali ambalo wakristo wengi wanauliza kwa sauti ndogo, ibada ikiisha, wala hawalileti mbele ya wazee. Wanasema: "Shemasi, nikisema ukweli juu ya dhambi yangu, nitabaki mtu katika kanisa hili?" Swali hilo si dogo, wapendwa. Anayeuliza hivyo hana mashaka na huruma ya Mungu. Mashaka yake ni juu yetu sisi.

Tunaamini kwamba Roho wa Mungu anafunua mambo yaliyofichwa, wala hatuna haya kusema hivyo. Lakini humo mna mtego. Mkristo anaanza kuogopa jicho la nabii kuliko jicho la Mungu. Siku ya maono haendi ibadani, anasema mtoto anaumwa. Ama anakuja, anaungama hasira na kusengenya, ili ile dhambi kubwa ipite nyuma ya hizo ndogo, sawa na mtu anayepitisha mzigo kwenye bariera ya askari: anafungua mfuko wa mihogo wanautazama, na ule mwingine umelala chini ya kiti. Midomo imeungama, moyo umebaki pahali pale pale.

Sasa nauliza: mtu anayesema kweli kwa sababu amekamatwa, amesema kweli?

Wahubiri wengine wanapenda sana habari ya Akani, katika kitabu cha Yoshua sura ya 7. Wanamtaja ili watu watetemeke, halafu waungame. Lakini soma vizuri. Akani alinyamaza wakati kabila zote zinapita, akanyamaza wakati jamaa zinapita, akanyamaza mpaka kura ikamwangukia yeye mwenyewe. Hapo ndipo akafungua kinywa. Akasema yote, hata akaonyesha pahali alipofukia feza. Maneno yake yalikuwa ya kweli, lakini yalitoka wakati hakuna tena njia ya kukimbia. Sijui kwa nini tunafanya habari hiyo kuwa mfano wa kuungama, wakati tunaye Daudi katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12.

Nathani alipotumwa kwa mfalme hakupiga kelele mbele ya baraza. Alimletea habari ya maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, mpaka Daudi mwenyewe akakata hukumu. Ndipo akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Daudi angeweza kumwua nabii, nguvu alikuwa nazo. Akakubali. Na tazama haraka ya Mungu: Daudi hajamaliza kukubali, Nathani anamwambia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Hata hivyo mtoto alikufa, na Uria hakurudi kutoka vitani. Neema haikusema kwamba mambo yale hayakutendeka.

Paulo, katika Warumi sura ya 8, anasema kwamba walio ndani ya Kristo hawapo tena chini ya hukumu ya adhabu. Tunaimba jambo hilo, tunacheza, tunapiga ngoma. Lakini wengi wetu tunaipokea neema ya Mungu kana kwamba ni neema ya mfalme wa Ubelgiji. Nieleze. Tarehe 3 Oktoba 1921, huko Thysville, ambako leo ni Mbanza-Ngungu, tribinali ya askari ilimhukumu Simon Kimbangu apigwe fimbo 120, kisha auawe. Alikuwa amehubiri na kuponya watu kwa miezi michache tu tangu Aprili. Mfalme Albert akabadili hukumu ile: asiuawe, afungwe maisha. Hiyo iliitwa neema. Wakamleta Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akakaa boloko miaka 30 mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Simlinganishi na mwenye dhambi, asinielewe vibaya mtu. Alifungwa juu ya kuhubiri. Nalinganisha neema na neema. Neema ya mfalme iliondoa kifo, mlango ukabaki umefungwa.

Hivyo ndivyo wengi wanavyoishi. Wanajua hawataenda motoni, lakini kila usiku wanajihukumu upya juu ya jambo la miaka kumi iliyopita. Mama aliyetoa mimba akiwa msichana. Baba aliyekula feza ya wenzake wa likelemba, nao mpaka leo wanafikiri ni wanyang'anyi waliichukua. Kijana aliyebeba bunduki wakati wa vita, na hapa kwetu Tanganyika vita havikuwa vya Wabembe na watu wa Kivu peke yao. Tangu 2013 Watwa na Waluba wamechomeana vijiji, na waliochoma walikuwa na majina ya ubatizo. Hao wote wako kwenye mabenchi yetu. Wanaimba.

Kwa nini hawasemi? Ni kwa sababu tumegeuza utaratibu. Tunataka mtu aungame kwanza, ndipo tutafute kama neema itamtosha. Katika bustani ya Edeni Mungu alimtafuta Adamu aliyejificha, akamwita, akamwuliza yuko wapi, na kabla hawajatoka aliwashonea mavazi ya ngozi. Zakayo katika Luka sura ya 19 hakuwa ameungama kitu wakati Yesu alipomwambia atakaa nyumbani kwake. Alishuka kutoka kwenye mti akiwa amekwisha kupokelewa. Ndipo ulimi ukafunguka, na mkono pia: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Mtu anayejua hatauawa anaweza kusema yote. Anayeogopa kuuawa atasema yale unayotaka kusikia.

Hapa nafika kwenye jambo linaloniuma. Katika nchi yetu watoto wanafungiwa katika nyumba za maombi, wananyimwa chakula na maji, hata waseme wao ni walozi. Mwishowe wanasema. Njaa ikizidi, mtoto atasema alimla shangazi yake usiku na kwamba alipanda ndege ya karanga. Halafu watu wanapiga makofi: ameungama! Wapendwa, huo ni uongo ambao sisi tumeutoa kwa nguvu katika kinywa cha mtoto, na ushuhuda wa uongo umekatazwa katika amri kumi. Serikali nayo imekataza: Katiba ya 2006 katika kifungu cha 41, na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, ambayo katika kifungu cha 160 inampeleka boloko mwenye kumsingizia mtoto ulozi. Wala jambo hili si geni. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alikuwa akibatiza watu katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia, akavuka mpaka akaingia Katanga. Wale aliowaona kuwa walozi aliwazamisha katika maji yale yale ya ubatizo. Waingereza walimnyonga 1926. Maji ya rehema yalifanywa kuwa tribinali.

Wengine watasema: shemasi analegeza, watu watatenda dhambi wakijua neema ipo. Paulo aliulizwa hivyo hivyo, akajibu katika Warumi sura ya 6. Mimi naongeza jambo dogo tu: aliyesamehewa deni la likelemba bado anajua majina ya wale aliowala. Neema inamtoa kwenye woga ili aweze kwenda kwao kwa miguu yake, akiwa na feza mkononi, hata kidogo kidogo. Anayejificha hawezi kulipa, akilipa atajulikana.

Juu ya kuungama mbele ya watu wote, ndugu wa uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, walifanya hivyo kwa nguvu sana, na moto ule ulifika Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika ya ng'ambo ya ziwa. Ulileta mapatano mengi. Ulileta pia ugomvi, maana dhambi ya watu wawili ikitangazwa na mmoja, yule wa pili anavuliwa nguo bila kuulizwa. Mimi naona iliyotendwa hadharani isemwe hadharani, na ya sirini isemwe kwa Mungu, kwa aliyekosewa, na kwa mzee mmoja asiyekuwa na ulimi mrefu.

Lakini wale tuliowaweka nyuma kwa adhabu, waliokwisha kusema kweli? Katika Wakorintho wa pili, sura ya 2, Paulo anawaambia wamsamehe na kumfariji yule waliyemwadhibu, asije akamezwa na huzuni. Hakuandika idadi ya miezi. Kwetu wako waliokaa kwenye benchi la nyuma tangu kabla ya mvua, hawapewi mkono, na wazee wanayo majina yao kwenye kaye.