Nyasi Usizozipanda ni za Nani?

Wako watu wanaokaa mjini, nao wana mashamba huku Masasi na Newala kwa kujifurahisha tu. Mvua zikiisha hukodi trekta lenye mashine ya kufyekea, na pori lote hulala kwa asubuhi moja.

Sisemi trekta ni baya, ijapokuwa wazee wetu waliyaona yale yaliyoletwa Nachingwea kwa mradi wa karanga, ambao Serikali ya Uingereza iliuacha mwaka 1951. Nyasi ndefu huleta moto kwenye mikorosho, na mwenye shamba ana haki kuuogopa. Lakini nyasi hizo hizo ndizo paa la jirani. Mama mjane huzikata kwa mundu, ndefu na zilizonyooka, akazifunga matita. Trekta huzikatakata, haziezeki hata banda la kuku.

Je, ni za mwenye hati peke yake? Sheria ya Musa, katika Mambo ya Walawi sura ya 19, ilimkataza mkulima kuvuna mpaka pembeni mwa shamba, ili maskini na mgeni wapate. Na ile ni nafaka aliyoipanda mwenyewe! Nyasi hizi alizipanda nani? Hati yampa mtu ruhusa ya kuitumia ardhi, haikuotesha kitu.

Wengine watasema, “Jirani na aje aombe.” Maskini aombe kitu ambacho mwenzake anakitupa? Naona mwenye shamba ndiye aende. Trekta hukodiwa kwa miadi. Habari ikitangulia majuma mawili, wenye mundu watakuwa wamekwisha kubeba matita yao.