Je, Sikukuu Haina Hesabu?

Wako siku hizi ndugu zetu, mijini na hata vijijini, walioshauriwa na daktari kuwa na daftari dogo. Kila jioni huandika humo vyakula vyote walivyokula tangu asubuhi, na matembezi au kazi walizoufanyisha mwili. Mmoja ana ugonjwa wa sukari, mwingine shinikizo la damu, mwingine amelemewa na unene. Desturi hii ni njema. Lakini Pasaka ifikapo, na siku nne za mapumziko tangu Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, daftari hufungwa likawekwa kabatini. Mwenyewe husema: “Sikukuu haina hesabu.” Je, neno hilo ni la kweli?

Tusifanye haraka kumlaumu. Sikukuu ni zawadi ya Mungu, na chakula cha sikukuu ni alama ya upendo. Shangazi aliyeamka alfajiri kukuchinjia kuku hastahili kuona kalamu mezani pake. Anayehesabu matonge mbele ya mwenyeji wake amekosa adabu, naye ameigeuza afya kuwa sanamu ya kuabudiwa.

Hata hivyo, wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka anayeandika mauzo ya siku za kawaida, akaziacha siku za msimu, atajuaje hali ya duka lake? Siku alizoziruka ndizo zilizohitaji kuandikwa kuliko zote. Wala ugonjwa wa sukari haujui sikukuu.

Tena moyo wa mwanadamu ni mwepesi kujipendelea. Mwaka 1992 wataalamu wa New York walitoa habari za watu 10 wanene waliolalamika kwamba hawapungui, ingawa wanakula kidogo. Walipopimwa, ilionekana kwamba karibu nusu ya chakula walichokula hawakukitaja, na mazoezi waliyoyataja yalizidi yale ya kweli kwa kiasi cha nusu. Tusiwacheke. Walijidanganya kama tujidanganyavyo sote.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Daftari hili halisomwi na jirani. Ukurasa ukiachwa mtupu, hakuna aliyeibiwa wala aliyesingiziwa. Basi mbona mkono unasita kuandika “soda tatu”? Ni kwa sababu tunaona haya mbele ya nafsi zetu. Na asiyeweza kusema kweli juu ya soda, katika kitabu chake mwenyewe, atawezaje kuisema juu ya mambo mazito, apigapo magoti kuungama?

Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliujua udhaifu huu. Katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichokubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1548, anamwagiza mtu achore mistari miwili kwa kila siku ya juma, atie nukta kila alipoanguka katika kosa analopigana nalo, kisha alinganishe siku na siku, juma na juma. Katika kitabu hicho hicho ametoa kanuni za kula. Mojawapo ni hii: mtu aamue kiasi cha mlo ujao saa ile asipoona njaa. Shauri hilo lafaa sana Jumamosi usiku, kabla harufu ya pilau haijafika puani!

Basi, Ijumaa Kuu andika ulivyofunga, pasipo kujisifu. Jumapili acha daftari nyumbani. Kaa na wenzako, pokea ulichopakuliwa kwa shukrani, na ukisha kutosheka, shukuru na unawe mikono. Jioni, ukiwa peke yako, andika yote, usiongeze wala usipunguze, wala usijilaani kwa yaliyozidi. Jumatatu ukumbuke methali: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwili nao umekuwa mgeni wa heshima. Upe jembe, au utembee kwa miguu ukawaamkie wagonjwa wa jirani. Hilo nalo uliandike.

Kurasa hizo nne huenda zisikupendeze. Lakini Jumanne utamfikia daktari ukiwa na maneno ya kweli mkononi, naye ataweza kukusaidia. Aliyeuficha ukurasa wake atapewa dawa ya mtu mwingine, yule mwenye kiasi aliyemwandika badala ya nafsi yake.